Vijiti vya nano vya dhahabu kwa utafiti wa saratani: mwongozo kamili wa kuvitengeneza, kuvisafisha na kupima joto lake chini ya leza

Malalamiko ya wanaoanza kazi hii ni mawili, na hayabadiliki. La kwanza: "Nimefuata maelekezo yote, lakini kimiminika kimekuwa chekundu, vijiti sivioni." La pili: "Vijiti ninavyo, nimevimulika kwa leza na joto limepanda, lakini wahakiki wamezikataa namba zangu." Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo mawili, kuanzia chupa tupu hadi jaribio la seli.

Tunatafuta vijiti vyenye urefu wa karibu mara 4 ya upana wake, vinavyofyonza mwanga wa nanomita 800 hivi. Sababu ni ya mwili wenyewe: kati ya nanomita 650 na 900, damu na maji hufyonza mwanga kidogo, kwa hiyo mwanga hupenya ndani ya tishu. Kijiti kikiufyonza hugeuka chanzo cha joto mahali kilipo. Joto hilo linaweza kuua seli ya saratani, na mwanga ukija kwa mapigo mafupi, hutoa sauti inayoweza kuchorwa kama picha.

Onyo kabla ya yote: hii ni kazi ya maabara, chini ya msimamizi. Kinachotoka humu si dawa, hakidungwi mtu wala kupakwa kwenye uvimbe. Mgonjwa wa saratani mahali pake ni hospitali.

## Vifaa na kemikali

Kemikali:

- CTAB (setiltrimethilamoni bromidi), aina ya sabuni inayovifunika vijiti visishikane, yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi
- Kloridi ya dhahabu (HAuCl₄ yenye molekuli 3 za maji)
- Nitrati ya fedha
- Asidi askobiki, yaani vitamini C halisi ya maabara, si vidonge vya duka la dawa
- Sodiamu borohidridi
- PEG (polietilini glikoli, mnyororo mrefu wa molekuli utakaokuwa vazi la vijiti) yenye ncha ya salfa (mPEG-SH), uzito wa molekuli 5,000
- Asidi hidrokloriki na asidi nitriki kwa kuoshea vyombo
- Maji safi kabisa ya mashine, yenye ukinzani wa megaomu-sentimita 18.2

Vifaa: mizani inayosoma miligramu, pipeti za mikrolita, kikorogeo cha sumaku, bafu la maji linaloshika joto, sentrifuji, spektrofotomita inayofika nanomita 1,000, leza ya nanomita 808, kipima nguvu ya leza, kipimajoto cha waya chembamba, na miwani ya kinga iliyoandikwa kwamba inazuia nanomita 808.

Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta hayafai, hata kama chupa imeandikwa kuwa yamechujwa. Kloridi kidogo tu ndani ya maji hukamata fedha na kuitupa chini kama unga mweupe, na bila fedha vijiti havipatikani kwa njia hii.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha bei ya juu, kiwe CTAB. Kundi la Brian Korgel huko Texas lilionyesha mwaka 2008 na 2009 kwamba CTAB ya wauzaji mbalimbali, yenye jina lilelile, hutoa matokeo tofauti, na kwamba mkosaji ni iodidi iliyobaki ndani yake. Kiasi kidogo sana cha iodidi kinatosha kuzuia vijiti visiote. Unapata chembe za mviringo tu, yaani duara. Andika namba ya toleo la kila chupa unayofungua. Toleo likikupa vijiti vizuri, agiza jingine lenye namba hiyohiyo kabla halijaisha.

## Hatua ya 1: Osha vyombo

Chini ya kabati la kuvuta hewa, changanya asidi hidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki sehemu 1. Suuza kwa mchanganyiko huo kila chombo cha kioo na kila sumaku ya kukorogea, kisha suuza kwa maji safi mara nyingi.

Sababu: mabaki ya dhahabu ya jaribio la jana, hata yasiyoonekana kwa macho, ni mahali pa dhahabu mpya kuanza kuota bila mpangilio.

Mchanganyiko huu hutoa gesi ya klorini na huunguza ngozi. Vaa glavu, miwani na koti. Usiufungie kwenye chupa yenye kifuniko kamwe, kwa sababu gesi huipasua chupa. Usiuache ukutane na asetoni wala alkoholi.

Umefaulu ikiwa maji yanateleza juu ya kioo kama utando mmoja, bila kujikusanya matonematone.

## Hatua ya 2: Andaa miyeyusho

CTAB 0.2 M: gramu 7.29 kwa mililita 100 za maji. Pasha hadi nyuzi 30 za Selsiasi huku ukikoroga taratibu mpaka kimiminika kiwe angavu. Ukikoroga kwa nguvu unapata povu, basi.

Hapa ndipo mahali ulipo panapoingia kwenye matokeo. CTAB hujikusanya kuwa fuwele ikishuka chini ya nyuzi 25 hivi. Dar es Salaam au Mombasa huenda usilione tatizo hili mwaka mzima. Nairobi, Arusha au Mbeya, chupa uliyoiacha angavu jioni utaikuta asubuhi imejaa sindano nyeupe. Ukichota juu ya fuwele hizo, unachota maji yenye CTAB pungufu na hesabu yote inaharibika. Ipashe tena hadi kila fuwele iyeyuke, ndipo uchote.

Kloridi ya dhahabu 1 mM na 0.5 mM: tengeneza kwanza mmumunyo mzito wa akiba, kisha zimua. Tumia kijiko cha plastiki au kauri, kwa sababu chumvi hii hula chuma na chuma huiharibu. Akiba ikae gizani.

Nitrati ya fedha 4 mM: miligramu 34 kwa mililita 50, kwenye chupa iliyofunikwa karatasi ya aluminiamu.

Asidi askobiki 78.8 mM: miligramu 139 kwa mililita 10, na itengenezwe siku ileile. Ya jana imeanza kuoza.

Sodiamu borohidridi 10 mM: pima miligramu 38, yeyusha kwenye mililita 10 za maji yaliyotoka kwenye barafu, kisha chukua mililita 1 uizimue hadi 10 kwa maji hayohayo ya baridi. Kujaribu kupima miligramu 3.8 moja kwa moja ni kujidanganya kwa mizani nyingi tulizo nazo. Mmumunyo huu hufa haraka ndani ya maji, kwa hiyo utengeneze mwisho kabisa, uuache kwenye barafu, na uutumie ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 3: Tengeneza mbegu

Mbegu ni chembe ndogo sana za dhahabu ambazo vijiti vitaota juu yake. Changanya mililita 5 za CTAB 0.2 M na mililita 5 za kloridi ya dhahabu 0.5 mM. Rangi itakuwa ya njano iliyokolea. Ongeza kwa mkupuo mmoja mililita 0.6 za borohidridi ya baridi huku ukikoroga kwa nguvu, uendelee kwa dakika 2.

Kukoroga kwa nguvu kuna sababu yake: dhahabu yote ipokee elektroni kwa wakati mmoja, ili chembe nyingi ndogo zizaliwe pamoja. Ukidondosha polepole, za kwanza hukua na kuwa kubwa huku za mwisho zikiwa bado hazijazaliwa.

Acha mbegu zipumzike kwa dakika 30 kwenye nyuzi 27, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili hidrojeni itoke. Muda huo pia humalizia borohidridi iliyobaki. Ikiingia kwenye hatua inayofuata itazaa chembe mpya usizozitaka. Tumia mbegu ndani ya saa mbili.

Umefaulu ikiwa rangi ni kahawia yenye unjano, na spektrofotomita haionyeshi kilele cha wazi cha ufyonzaji kwenye nanomita 520. Ukiona uwekundu, mbegu zimekuwa kubwa. Mwaga, urudie na borohidridi mpya. Usijishawishi kwamba zitafaa.

## Hatua ya 4: Otesha vijiti

Hapa kila kitu huamuliwa na mpangilio wa kuongeza. Fuata mfuatano huu bila kuubadilisha, kwenye bafu la nyuzi 27 hadi 30:

1. Mililita 5 za CTAB 0.2 M.
2. Mililita 0.2 za nitrati ya fedha 4 mM.
3. Mililita 5 za kloridi ya dhahabu 1 mM. Changanya kwa upole. Rangi: njano nzito.
4. Mikrolita 70 za asidi askobiki. Changanya. Rangi inapotea kabisa.
5. Mikrolita 12 za mbegu. Changanya kwa upole kwa sekunde chache, kisha usiguse.

Simama kidogo kwenye namba 4, maana ndiyo isiyoeleweka na wengi. Dhahabu iliyomo ni mikromoli 5, na askobiki uliyoweka ni mikromoli 5.5. Kila molekuli ya askobiki hutoa elektroni 2, ilhali atomu ya dhahabu huhitaji 3 ili iwe metali. Askobiki basi huipeleka dhahabu sehemu ya safari tu, hadi kwenye hali isiyo na rangi, na kuiacha ikisubiri uso wa mbegu ili imalizie hapo. Ndiyo maana rangi hupotea bila kutokea wekundu. Ukiongeza askobiki kwa kubahatisha ili rangi ipotee haraka, dhahabu itakuwa na elektroni za ziada na itajitungia duara peke yake.

Alama zinazokuambia mapema kwamba mambo yameharibika:

Njano haipotei baada ya askobiki: askobiki imeoza au pipeti yako inapima vibaya. Simama hapo.

Waridi au wekundu kabla ya kuweka mbegu: chombo kichafu, au askobiki imezidi.

Hakuna rangi saa moja baada ya mbegu: mbegu zimekufa, au umesahau kuziweka. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Wekundu wa rubi baada ya mbegu: umepata duara. Angalia fedha kwanza, kisha toleo la CTAB.

Jaribio likienda sawa, rangi huanza kuonekana ndani ya dakika 10 hadi 20. Vijiti vya karibu nanomita 800 huonekana kahawia yenye uwekundu kidogo, si ya kuvutia sana kwa macho. Buluu au kijani iking'aa maana yake vijiti ni vifupi, na kilele kiko karibu na 650 hadi 700. Acha usiku kucha palepale kwenye bafu.

Asubuhi pima kwenye spektrofotomita. Unatafuta vilele viwili: kidogo kwenye nanomita 510 hadi 520, na kikubwa kati ya 780 na 830. Kikubwa kiwe kirefu kuliko kidogo kwa mara kadhaa. Vikilingana, duara zimejaa ndani.

Kilele kikubwa kikiwa chini ya nanomita 780, ongeza fedha hadi mililita 0.25. Zaidi ya hapo kilele hukwama au hurudi nyuma, kwa hiyo usiendelee kuongeza. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, na usizidishe ujazo mara kumi kabla mililita 10 hazijakupa kilele kilekile mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 5: Safisha na uvike PEG

CTAB huru huua seli hata katika viwango vya mikromola. Usipoiondoa, jaribio lako la saratani litaonyesha mafanikio makubwa ambayo ni ya sabuni, si ya leza. Lakini ukiiondoa yote kabla vijiti havijapata vazi jingine, vitashikana na kuzama. Ni lazima kwenda kwa mpangilio.

Zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 12,000 kwa dakika kwa dakika 15. Weka joto la mashine kuwa nyuzi 28 kama inaruhusu. Mashine iliyoachwa kwenye nyuzi 4 itagandisha CTAB, na utadhani fuwele zile nyeupe ni sehemu ya vijiti.

Nyonya maji ya juu, ubakize karibu mililita 0.2 chini, kisha jaza maji hadi mililita 10. Hesabu yake: CTAB ilikuwa 0.1 M, umeipunguza mara 50, imebaki 2 mM. Hiyo bado inatosha kuvilinda vijiti.

Ongeza miligramu 5 za mPEG-SH, koroga polepole usiku kucha. Salfa hushika dhahabu na kuisukuma CTAB pembeni.

Sasa zungusha tena mara mbili. Mara ya kwanza inakupeleka karibu 0.04 mM, ambayo bado ni sumu kwa seli, na ya pili inakushusha hadi chini ya mikromola 1. Wanaoishia kwenye mzunguko mmoja ndio wanaoshangaa seli zao zinakufa gizani.

Jaribio la kufaulu ni rahisi: chukua sampuli kidogo, ongeza chumvi ya mezani ya maabara hadi 0.15 M, subiri saa moja, pima. Kilele kikibaki mahali pake na urefu wake, vazi limeshika. Kikipanuka na rangi kuelekea kijivu, PEG haikutosha.

## Hatua ya 6: Pima joto chini ya leza

Leza ya nanomita 808 yenye zaidi ya wati 0.5 iko kwenye daraja la 4, la hatari kubwa zaidi. Mwanga wake karibu hauonekani, kwa hiyo jicho halifumbi kujilinda. Kila aliye chumbani avae miwani, saa na pete zivuliwe, na mlango uwe na ilani.

Zimua vijiti hadi ufyonzaji wake uwe 1 kwenye nanomita 808. Weka mililita 1 kwenye kuveti ya kwatzi. Waya wa kipimajoto uingie majini lakini usiguse miale, la sivyo unapima waya uliopashwa na leza. Kamera ya joto pekee haitoshi, kwani inaona uso tu.

Pima kwanza nguvu ya leza kwa wati pale kuveti itakapokaa. Namba iliyoandikwa kwenye kasha si kipimo.

Washa. Andika joto kila sekunde 10 hadi lisipande tena. Zima. Endelea kuandika hadi lirudi karibu na joto la chumba. Sehemu hii ya kupoa ndiyo watu huiacha kwa uchovu, na bila hiyo hakuna hesabu. Kisha rudia yote kwa kuveti ileile yenye maji matupu.

Hesabu inayotumika na wengi inatokana na kazi ya Roper na wenzake ya mwaka 2007. Tuichukue kwa mfano. Kwenye mkondo wa kupoa, chora logi asilia ya tofauti ya joto dhidi ya muda. Mteremko wake unakupa muda-tabia. Tuseme ni sekunde 220. Mililita 1 ya maji huhitaji juli 4.18 kupanda nyuzi 1, kwa hiyo kuveti inapoteza 4.18 ÷ 220, yaani wati 0.019 kwa kila nyuzi.

Vijiti vilipanda nyuzi 22 juu ya chumba: 0.019 × 22 = wati 0.418. Maji matupu yalipanda nyuzi 2.5: wati 0.048. Tofauti ni wati 0.37. Leza ilikuwa wati 0.8, na kwa ufyonzaji wa 1, asilimia 90 ya mwanga ilifyonzwa: wati 0.72. Ufanisi ni 0.37 ÷ 0.72, karibu asilimia 51.

Makosa yanayosababisha kukataliwa ni haya. Kutumia wati kwa sentimita ya mraba pale panapotakiwa wati. Kutumia ufyonzaji wa kwenye kilele badala ya ule wa nanomita 808 hasa. Kutotoa joto la maji matupu. Ukipata zaidi ya asilimia 100, usitafute maelezo ya kifizikia, umekosea kipimo.

Washa na kuzima mara 5, kisha pima tena kwenye spektrofotomita. Kilele kisihame. Kikishuka huku cha 520 kikipanda, vijiti vinayeyuka kuwa duara.

Jambo moja linanikera kwenye makala nyingi: nguvu za wati 1 au 2 kwa sentimita ya mraba hutumika bila maelezo, ilhali kiwango cha usalama cha Marekani kwa ngozi kwenye nanomita 808 ni karibu wati 0.33 kwa sentimita ya mraba. Pima kwenye nguvu hiyo pia, hata kama joto litakuwa dogo. Daktari atakayesoma atataka namba hiyo kuliko nyingine zote.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye seli

Makundi manne, hakuna hata moja la kuacha: seli peke yake, seli na leza, seli na vijiti gizani, seli, vijiti na leza. Kundi la nne pekee ndilo linalopaswa kufa. La tatu likifa, rudi hatua ya 5. La pili likifa, leza yako ni kali mno.

Weka sahani ya seli juu ya kipashio cha nyuzi 37 wakati wa kumulika. Kwenye chumba cha nyuzi 22, kupanda kwa nyuzi 10 hakumfikishi mtu popote. Kutoka 37, kunavuka 45 na seli zinaumia kweli. Ruka shimo moja kati ya yale unayomulika, kwa sababu joto hutambaa hadi kwa jirani.

Vijiti hufyonza mwanga kwenye eneo linalosomwa na kipimo cha MTT, yaani kipimo cha rangi kinachoonyesha seli zilizo hai. Osha seli kabla ya kusoma, na uwe na mashimo yenye vijiti bila seli ili uyatoe kwenye hesabu. Thibitisha kwa rangi za seli hai na zilizokufa chini ya darubini.

Kwenda kwa panya ni suala jingine: kibali cha maadili kwanza, na kibali cha utafiti cha NACOSTI ukiwa Kenya au COSTECH ukiwa Tanzania.

## Hatua ya 8: Picha

Kwa picha ya seli, darubini ya uga wa giza inatosha: vijiti huonekana kama vitone vinavyong'aa juu ya seli, na seli zisizopewa vijiti hubaki hafifu.

Kwa picha ya sauti inayotokana na mwanga, mimina vijiti vya ukolezi tatu tofauti ndani ya mirija myembamba iliyozikwa kwenye jeli ya agari, pamoja na mrija mmoja wa maji na mmoja wa damu. Mawimbi ya sauti yaongezeke kadiri ukolezi unavyoongezeka, kwa mstari ulionyooka. Damu lazima iwepo, kwa sababu ndiyo itakayoshindana na vijiti ndani ya mwili. Mapigo ya nanosekunde huyeyusha vijiti kwa urahisi kuliko leza ya mfululizo, hivyo anza na nguvu ndogo, na upime kilele kabla na baada.

## Mabaki

CTAB ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini, haimwagwi kwenye sinki. Maji yote ya sentrifuji yaingie kwenye chupa ya mabaki ya dhahabu na fedha, iliyoandikwa tarehe. Borohidridi iliyobaki iachwe wazi kwenye kabati la hewa hadi mapovu yaishe, na isikutane na asidi. Mchanganyiko wa asidi wa hatua ya 1 ukae wazi kwenye kabati hadi siku ya pili, usawazishwe taratibu kwa bikaboneti, ndipo uingie kwenye chupa yake ya peke yake.